Mkanda wa mashine ya msasa unahama pembeni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ndiyo yanayorudi mafundi wa Goma wanapokutana juu ya mashine ya msasa ya silinda, ile ambayo wengi hapa wanaiita ponseze: ubao unaingia mbele ukiwa juu ya mkanda, unapita chini ya silinda iliyovishwa msasa, unatokea nyuma. Karibu malalamiko yote ni ya mkanda. Mwenye haraka asome la 3, la 5 na la 6, arudi kazini.

## Mambo ya kwanza

1. Mkanda "kuhama" ni nini, na unaharibu nini?

Mkanda ni kitanzi kinachozunguka juu ya rola mbili. Moja inavutwa na mota (ndiyo rola ya kuvuta), nyingine inafuata tu, na kati yake kuna meza ya chuma inayoubeba. Rola zikiwa sambamba na mkanda ukiwa na urefu sawa pande zote mbili, unabaki katikati. Kimojawapo kikikosekana, unasogea polepole hadi ukingo wake unagusa fremu. Nyuzi zinaanza kutoka, ukingo unakunjamana, na siku moja mkanda unachanika ukiwa na ubao wa mteja juu yake. Ukisikia kitu kinakwaruza, zima kwanza, chunguza baadaye.

Kuyumba kidogo si ugonjwa. Ukienda milimita 2 au 3 huku, kisha ukarudi wenyewe, uache.

2. Ubao wangu unasimama chini ya silinda. Hiyo nayo ni kuhama?

Hapana, huko ni kuteleza, na dawa yake ni nyingine. Chora alama ya chaki kwenye ncha ya rola ya kuvuta na nyingine kwenye ukingo wa mkanda, kisha uingize ubao. Rola ikizunguka na mkanda ukabaki nyuma, mkanda umelegea (tazama swali la 4) au rola imekuwa laini kwa vumbi (swali la 9). Mkanda ukiendelea lakini ubao ukasimama, basi unakula mbao nyingi mno kwa mara moja, au uso wa mkanda umekwisha. Na kama rola yenyewe inasimama, acha mkanda. Tatizo liko kwenye mota au kwenye mzigo unaoipa.

3. Nianze na nini kabla ya kushika spana?

Anza na macho. Wengi tunakimbilia nati, tunazizungusha asubuhi nzima, kumbe rola ina uvimbe wa vumbi upande mmoja. Chomoa waya wa umeme, teremsha meza, pitisha vidole ndani ya mkanda na juu ya rola zote mbili. Unatafuta kipande cha mbao kilichonaswa, utomvu ulioganda, skrubu iliyoanguka. Kisha angalia kama nati zote za meza na za mabano ya rola zimekaza.

Baada ya hapo pima umbali kati ya rola mbili, kutoka katikati ya ekseli moja hadi katikati ya nyingine, upande wa kushoto kisha wa kulia. Futi hudanganya ukiishika kwenye kona, kwa hiyo kata kijiti kinachoingia sawasawa upande mmoja, ukijaribu upande wa pili. Kikiingia sawa pande zote, una mahali pazuri pa kuanzia. Kikigoma upande mmoja na kucheza upande mwingine, rola zimekaa mshazari. Zisawazishe ndipo uwashe. Kijiti hicho kiandike jina la mashine, ukitundike ukutani. Utakihitaji tena.

## Kurekebisha

4. Mkanda ukazwe kiasi gani?

Kiasi cha kuvuta bila kuteleza, basi. Washa mkanda peke yake, silinda ikiwa imezimwa, kisha ukandamize kiganja juu ya mkanda katikati ya meza, mbali na rola na mbali na silinda. Ukiweza kuusimamisha kwa mkono, umelegea. Kaza nati zote mbili, ya kushoto na ya kulia, zinazoisogeza rola mbele na nyuma, kwa kiasi kilekile, ujaribu tena.

Kukaza kupita kiasi ni kosa la watu wenye nguvu, na gharama yake huonekana baadaye: rola inapinda, mabano yanapinda, bushi (pete ambamo ncha za rola zinazungukia) zinakwisha kabla ya wakati. Rola ikishapinda, hakuna nati itakayoutuliza mkanda tena.

5. Mkanda unahamia kulia. Nikaze kulia au kushoto?

Kaza upande ule mkanda unakokimbilia. Unahamia kulia, kaza kulia. Ukishaona nati ya kulia inakaribia kukaza mno, legeza ya kushoto kwa kiasi hichohicho, ili mkazo wa jumla usibadilike.

Sababu ni hii: ukiisogeza nje ncha moja ya rola, upande huo unakuwa na njia ndefu na mkazo mkubwa, na mkanda unaukimbia kwenda kwenye ulegevu. Kanuni hiyo ni ya nati zinazosukuma rola mbele na nyuma, kama zilivyo mashine nyingi ndogo za aina hii. Usiangalie spana inazunguka upande gani. Kuna mashine ambazo bolti inasukuma na nyingine inavuta. Angalia rola inasogea wapi.

Mkiwa wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma, msiseme kushoto na kulia, maana kushoto kwako ni kulia kwake. Semeni "upande wa mota" na "upande wa mlango". Ugomvi mwingi juu ya mashine hii umeanzia hapo.

6. Nizungushe kiasi gani, na nisubiri muda gani?

Robo mzunguko, kisha mikono mfukoni.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Bolti ya M8 ya kawaida ina hatua ya milimita 1.25, yaani inasogea kiasi hicho kwa mzunguko mmoja mzima, kwa hiyo robo mzunguko inaisogeza rola kama milimita 0.3. Inaonekana si kitu, lakini kwa mkanda mpana wa sentimita 40 hicho ni kipimo cha kutosha kugeuza mwelekeo. Na mkanda haujibu papo hapo. Wenye mzingo wa mita moja, ukienda mita 3 kwa dakika, unazunguka mara tatu tu kwa dakika. Ukisubiri nusu dakika, umeona mzunguko mmoja na nusu, na hapo hujaona lolote.

Weka mwendo wa juu kabisa wa mkanda, zungusha robo, subiri dakika mbili au tatu. Chora alama ya kalamu kwenye meza pale ukingo ulipo, uone kama unaikaribia au unaiacha. Ukiona umepunguza kasi ya kuhama lakini haujasimama, ongeza robo nyingine. Ukiona umeanza kurudi, usiguse. Uache uende hadi utakapotulia. Fundi asiye na subira hukaza kulia, anaona bado, anakaza tena, halafu mkanda unaruka hadi kushoto, naye anaanza upya kutoka upande ule. Mpe mwanagenzi kazi hii kama unamjua ni mpole, si kama unamjua ni hodari.

7. Silinda izunguke wakati ninarekebisha?

Hapana. Mashine nyingi zina swichi mbili, ya silinda na ya mkanda. Tumia ya mkanda pekee. Kama yako ina swichi moja kwa vyote viwili, teremsha meza hadi msasa uwe mbali kabisa na mkanda. Mikono mirefu ya shati ikunjwe, na kitenge cha kiunoni kivuliwe. Rola inayokwenda polepole bado inavuta nguo, na haina haraka ya kuiachia.

8. Bila ubao mkanda unatulia. Nikiingiza ubao unahama. Kwa nini?

Hili ndilo swali lenye majibu mengi, na wengi wanalijibu kwa nati wakati nati haina kosa. Mkanda unaotulia bila mzigo umeshakuambia kwamba rola zake ziko karibu na usawa. Kinachousukuma sasa ni kazi.

La kwanza ni silinda isiyo sambamba na meza. Ikiwa chini zaidi upande mmoja, inakula zaidi upande huo, inaukandamiza mkanda upande huo, na mkanda unavutwa visivyo sawa. Kata vipande viwili kutoka ubao mmoja uliorandwa, vyenye unene uleule. Mashine ikiwa imechomolewa, weka kimoja chini ya ncha ya kulia ya silinda na kingine chini ya kushoto, uinue meza taratibu huku ukiigeuza silinda kwa mkono. Inapaswa kuvigusa vyote kwa pamoja. Kama inagusa kimoja mapema, rekebisha silinda au meza kwanza, ndipo urudi kwenye mkanda.

La pili ni kula mbao nyingi. Kwa msasa namba 80 kwenye mashine ndogo, nusu milimita kwa mara moja tayari ni kazi nzito kwa ubao mpana wa libuyu, na kwa muvula ni zaidi. Msasa laini wa 150 au 180 haukwaruzi kiasi hicho. Ukiulazimisha, unachoma mbao na kuusukuma mkanda.

La tatu ni mazoea ya mkono. Fundi anasimama upande uleule kila siku, anapitisha vipande vyembamba vya fremu za dirisha kwenye ukingo uleule, mwezi baada ya mwezi. Mkanda unachoka na kunyooka upande huo, na msasa wa silinda unakwisha upande huo. Tumia upana wote wa meza: kipande hiki kushoto, kinachofuata katikati, kinachofuata kulia.

Kama yote matatu ni mazima, nenda swali la 10 kuhusu bushi.

## Mkanda unapokataa kutulia

9. Rola zinasafishwaje, na vumbi linahusikaje?

Vumbi la mbao likichanganyika na utomvu linageuka ganda. Kwenye kipre na msonobari ganda hilo ni la kahawia, gumu kama gundi iliyokauka, na linashika zaidi mwishoni mwa rola ambako hewa ya kunyonya vumbi haifiki. Sehemu yenye ganda inakuwa nene kuliko nyingine, na mkanda bapa una tabia ya kupanda kwenye unene. Ndiyo maana unaweza kukaza kwa kanuni ya swali la 5 na bado ukashindwa: unene unauita huku, nati inaufukuza kule.

Kwangua kwa ubapa wa mbao ngumu au plastiki, usitumie patasi. Rola ya kuvuta mara nyingi ina mpira au michoro ya kushikia, na patasi itaikata. Utomvu uliobaki ufute kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, uache ukauke kabla ya kurudisha mkanda. Futa pia upande wa ndani wa mkanda na meza ya chuma.

Mbao mbichi zinaharakisha uchafu huu. Zile zinazoshuka kutoka Walikale au Beni zikiwa bado na maji hazifai kuingia kwenye ponseze kabisa. Zipange kwa vijiti kivulini kwanza.

10. Nati imefika mwisho na mkanda bado unahama. Kosa ni la mkanda au la mashine?

Geuza mkanda. Utoe, uuzungushe ili ukingo uliokuwa kulia uwe kushoto, uurudishe, uiweke rola kwa kijiti cha swali la 3, uwashe bila ubao. Ukihamia upande uleule wa mashine kama zamani, kosa ni la mashine. Ukibadilisha upande, kosa liko kwenye mkanda. Kama mkanda una mshale wa mwelekeo, jaribio bado linafaa, lakini usipitishe mbao hadi uurudishe ulivyokuwa, maana kiungo chake kinaweza kufunguka.

Kuutoa si kazi kubwa. Weka alama mahali nati zilipo, zilegeze zote mbili, fungua bolti zinazoshika meza ya mkanda, uisimamishe kwa ubavu mota ikiwa chini, ndipo uuvute mkanda kwa juu. Ukiwa ni mkanda wenye chembe za msasa, usiukokote juu ya chuma.

Kosa likiwa la mashine, shika ncha ya rola uitikise juu na chini. Ikicheza, bushi imekuwa yai. Bushi za bronzi ndizo za kwanza kufa, na hapa Goma zinakufa mapema kwa sababu ya vumbi jeusi la volkano. Mchanga huo ni mwamba uliosagika. Ukikutana na mafuta kwenye bushi unakuwa msasa wa pili. Funika mashine jioni, na usimwage mafuta mengi kwenye bushi, maana mafuta yanayobaki nje ndiyo yanayokusanya mchanga. Fundi wa tono (mashine ya kuchonga vyuma) atakuchongea bushi mpya ukimpelekea rola na ile ya zamani. Badilisha zote za rola hiyo kwa pamoja.

11. Nilihamisha mashine tu ndani ya atelye (karakana), na mkanda ukaanza kuhama. Inawezekana?

Inawezekana sana. Sehemu kubwa ya mji huu imejengwa juu ya lava, na sehemu za katikati zilifunikwa tena Januari 2002. Atelye nyingi zina sakafu ya mawe yaliyosawazishwa kwa changarawe na simenti nyembamba. Mashine yenye miguu minne ikisimama kwa miguu mitatu, stendi inajipinda, na meza ya mkanda inajipinda nayo. Rola zinabaki na umbali sawa, kijiti kinakubali, lakini moja imeinama kuliko nyingine. Nati haiwezi kuondoa mpindo huo.

Weka pimamaji juu ya meza, kukingama, mara moja karibu na rola ya mbele na mara moja karibu na ya nyuma. Vipimo viwili vikitofautiana, pandisha mguu mmoja kwa kipande cha bati au mpira wa tairi hadi vifanane. Si lazima meza iwe sawa na ziwa. Muhimu ni mbele na nyuma kukubaliana.

12. Nimesikia watu wanazungushia tepu katikati ya rola. Inasaidia?

Inasaidia, kwa sababu ileile ya unene iliyo kwenye swali la 9, ila safari hii unene uko pale unapoutaka. Zungusha tepu nyembamba isiyovutika katika theluthi ya kati ya rola ile isiyovutwa na mota, tabaka moja au mawili. Usiiweke kwenye rola ya kuvuta, maana utapunguza mshiko wake. Mimi naiona kama hatua ya mwisho kwa mashine iliyochoka; kwenye mashine nzima inaficha kosa ambalo ungeliona.

Vishikio vidogo vya kauri au vya sumaku vinavyoshika ukingo wa mkanda, ambavyo baadhi ya mashine huja navyo, vina kazi hiyohiyo ya kusaidia. Kikiwa na mfereji uliochimbwa na mkanda, kigeuze au ukibadilishe. Na kikichimbwa upya haraka, rudi swali la 5: mkanda unakisukuma kwa nguvu usiyoiona.

## Mkanda wenyewe

13. Ukingo umeanza kutoa nyuzi. Nikate au nibadilishe?

Nyuzi zikate kwa wembe, usizivute. Kama mchaniko ni mfupi na hauingii ndani, mkanda utaendelea kufanya kazi baada ya kuutuliza. Ukiona ukingo mmoja umekuwa na mawimbi ukiulaza mkanda chini, umeshanyooka upande huo, nunua mwingine.

14. Fundi viatu anaweza kuniungia mkanda?

Anaweza, na wengine wamefanya hivyo wakisubiri mkanda wa dukani. Masharti ni mawili. Ncha zikatwe kwa kona ya kweli ya digrii 90: pima kutoka ukingo mmoja kisha kutoka ukingo wa pili, maana ncha iliyokosea milimita moja inatengeneza mkanda wenye upande mrefu na upande mfupi, na huo hautatulia maisha yake yote. Pili, kiungo kisiwe kinene. Zichongwe ncha zote mbili ziwe nyembamba kabla ya gundi, bila kushona. Kiungo kinene kikipita chini ya silinda kinauinua ubao, na utaona mstari unaokatisha mlango mzima, mmoja kwa kila mzunguko wa mkanda.

15. Nikiagiza, nitoe vipimo gani?

Upana na mzingo. Usipime mkanda wa zamani peke yake, kwa kuwa umeshanyooka. Rudisha rola inayosogea karibu na katikati ya safari yake, zungushia kamba isiyovutika kwenye rola zote mbili, upime kamba. Mwambie muuzaji pia kama ni mkanda wa msasa au wa mpira, na jina la mashine lililo kwenye kibati. Ukifika, usiuache umekunjwa. Utundike kwenye bomba nene. Mkunjo mkali hauondoki.

## Hali za pembeni

16. Umeme ukiwa mdogo, mkanda unahama zaidi?

Hauhami kwa sababu ya umeme. Unakwenda polepole tu, kwa hiyo marekebisho yanachukua muda mrefu kuonekana. Rekebisha wakati umeme ni mzuri au kwenye jenereta iliyotulia. Kwa mashine zilizotoka Marekani: transfoma inabadilisha volti 220 kuwa 110 au 120, lakini haibadilishi masafa. Mota ya silinda iliyotengenezwa kwa hezi 60 itazunguka polepole kwa karibu moja ya sita kwenye hezi 50 zetu, na itapata joto zaidi. Punguza kina cha kula, na usome tena swali la 8.

17. Mkanda uliotulia Julai umeanza kuhama Oktoba, na hakuna aliyeugusa.

Mvua imerudi. Mkanda wa msasa wenye mgongo wa kitambaa unanywa unyevu na kulegea kidogo. Kaza nati zote mbili kwa kiasi sawa kama ilivyo kwenye swali la 4 kabla ya kugusa upande mmoja. Mara nyingi hilo linatosha. Kiangazi kikirudi mwezi wa sita, legeza kiasi hicho, la sivyo mkanda utajikaza na bushi ndizo zitakazolipa.